Fundi wa chuma aelezwe kwa lugha aijuayo

Mtu apitaye siku hizi katika viunga vya miji yetu, kuanzia Athi River hadi Eldoret, hatakosa kuona majengo ya chuma yakiinuka kwa kasi ambayo baba zetu hawakuifahamu. Nguzo na boriti huundwa kiwandani, zikatobolewa matundu kwa mashini, zikapigwa rangi na nambari, kisha zikapakiwa kwenye malori hadi kiwanjani. Huko hushikanishwa kwa bolti. Ukiondoa msingi, hakuna saruji ya kungojewa ikauke. Katika muda wa majuma machache, mahali palipokuwa na nyasi huwa pana bohari, kanisa, soko au shule. Huko China, katika mkoa wa Hunan, mwishoni mwa mwaka 2011, hoteli ya ghorofa 30 iliinuliwa kwa mtindo huu kwa siku 15 tu.

Sina ugomvi na majengo ya aina hii. Chuma ni chepesi kuliko saruji kwa kazi ile ile, na jengo jepesi husukumwa kwa nguvu ndogo zaidi ardhi inapotetemeka. Lakini liko jambo moja ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha, na ingawa mimi si mhandisi bali ni mwalimu wa isimu, jambo lenyewe linanihusu. Jengo la chuma lililoundwa kiwandani husimama au kuanguka kwa viungo vyake. Viungo hivyo hukamilishwa na fundi wa kawaida mwenye spana mkononi. Na fundi huyo, aghalabu, haelezwi kazi hiyo kwa lugha anayoifahamu.

Niruhusiwe kueleza jinsi nilivyolitambua hili. Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa nimesimama kando ya uwanja ambapo bohari la aina hii lilikuwa likijengwa. Msimamizi alikuwa ametoka. Fundi mmoja wa makamo, aliyejua kazi yangu, alinijia akiwa na karatasi iliyotoka ndani ya kasha la bolti.

"Mwalimu, hebu tusomee hapa," akasema. "Nambari tunaziona, lakini maneno ndiyo yanatushinda."

Karatasi ile iliandikwa kwa Kiingereza. Iliagiza kwamba kila bolti ikazwe kwanza hadi hali fulani, kisha nati izungushwe nusu mzunguko zaidi. Hali hiyo ilitajwa kwa neno ambalo katika Kiingereza cha kila siku husemwa juu ya vazi linalomkaa mtu barabara, au mtoto aliyefunikwa blanketi vyema usiku wa baridi. Neno lenyewe nalijua; nimekutana nalo mara nyingi katika riwaya. Hata hivyo, nilipotaka kumweleza fundi maana yake pale kiwanjani, ulimi ulikuwa mzito. Mwishowe nikamwambia, "Nafikiri wanasema mkaze vizuri."

"Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote, Mwalimu," akajibu, akarejea kazini.

Niliondoka pale nikiwa na aibu, nikaanza kusoma na kuwauliza wenzangu wa uhandisi. Nilichojifunza kilinithibitishia kwamba jibu langu halikumfaa fundi yule hata kidogo.

Bolti yaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama pini iliyopenya mabamba mawili ya chuma na kuyazuia yasipishane. Ya pili ni kama jiliwa: bolti huvutwa kwa nguvu kubwa mno hata ikayabana mabamba yale, na msuguano baina yao ndio unaobeba mzigo. Katika viungo vingi vya nguzo na boriti vinavyotarajiwa kuhimili tetemeko, ni hii njia ya pili inayotakiwa.

Chukua mathalani bolti yenye unene wa milimita 20 na alama ya 8.8 kichwani. Nambari hizo si pambo. Nane ya kwanza yaeleza kwamba chuma chake hakikatiki mpaka kivutwe kwa nguvu ya niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Nane ya pili yaeleza kwamba chuma hicho huanza kurefuka pasipo kurudi katika hali yake kinapofika asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti kama hiyo, ikivutwa inavyopasa, huyabana mabamba kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 14. Mtu anayekaza kwa spana ya kawaida, hata akitumia nguvu zake zote, kwa desturi hafiki karibu na hapo. Anachofikia ni kuyakutanisha mabamba yakagusana barabara. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ambayo karatasi ile iliitaja kwa lile neno la blanketi. Hatua ya pili, yaani nusu mzunguko zaidi, au theluthi moja ikiwa bolti ni fupi, ndiyo inayoivuta bolti hadi kiwango kinachohitajika. Aghalabu hatua hiyo huhitaji spana ndefu au mashini.

Je, pana tofauti gani kati ya kiungo kilichoishia hatua ya kwanza na kilichofika ya pili? Siku ya kawaida, hakuna tofauti inayoonekana kwa macho. Rangi ni ile ile, nati ziko mahali pake, na mwenye jengo hukabidhiwa funguo. Ni ardhi inapotetemeka ndipo tofauti hujitokeza. Tetemeko halisukumi jengo mara moja likaliacha. Hulivuta huku na huko, mara nyingi, kwa sekunde chache. Kiungo kilichobanwa sawasawa hakifunguki kati ya msukumo mmoja na mwingine, na kila bolti hupokea sehemu yake ya mzigo. Kiungo kilicholegea hufunguka na kujifunga, hugongana, na bolti zilizo na bahati mbaya ya kukaza kuliko jirani zake hubeba mzigo wa wenzao. Hizo hukatika kwanza, na zilizosalia huzifuata.

Kwamba uhai wa jengo la chuma umo katika viungo si nadharia tupu. Tarehe 17 Januari 1994, alfajiri ya saa kumi na nusu, tetemeko lenye ukubwa wa 6.7 liliikumba Northridge, kitongoji cha Los Angeles nchini Marekani. Kabla ya siku hiyo majengo yenye fremu za chuma yalisifiwa kuwa salama kupita mengine, kwa kuwa sifa kubwa ya chuma ni kupinda kabla ya kukatika. Majengo hayo hayakuanguka, na kwa siku kadhaa wengi waliamini kwamba sifa ile ilikuwa ya haki. Ndipo wakaguzi walipobandua kuta na dari, wakakuta nyufa mahali boriti zinapokutana na nguzo. Majengo yenye nyufa za aina hiyo yalizidi 100. Kiungo cha wakati ule kilikuwa cha mchanganyiko: sehemu za juu na za chini za boriti zilichomelewa kwenye nguzo papo hapo kiwanjani, na sehemu ya katikati ikafungwa kwa bolti. Nyufa nyingi zilianzia pale palipochomelewa upande wa chini. Chuma kilikuwa kimekatika kama kioo, na sababu ilikuwa kiungo.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ukubwa wa 6.9 liliupiga mji wa Kobe nchini Japani na kuua watu zaidi ya 6,400. Wengi wao walifia katika nyumba za mbao. Hata hivyo, katika mtaa wa maghorofa wa Ashiyahama, karibu na Kobe, nguzo nene za chuma nazo zilikutwa zimekatika.

Mikasa hiyo miwili ilizaa utafiti wa miaka mingi, na mnamo 2000 Marekani ikatoa miongozo mipya ya kuunganisha boriti na nguzo. Mojawapo ya mawazo yaliyopata nguvu ni hili: kuchomelea kufanywe kiwandani, ambako kuna mwanga, vipimo na mkaguzi, na kiwanjani kubaki kazi ya bolti peke yake. Wajapani walikuwa wameuzoea mtindo huo kwa muda mrefu. Nguzo hutoka kiwandani ikiwa na vipande vifupi vya boriti vilivyokwisha kuchomelewa, na boriti ndefu huja kufungwa kwenye vipande hivyo kwa bolti za nguvu. Ni mtindo wa busara. Lakini msomaji aone kinachofuata kutokana nao. Kadiri kazi ngumu inavyohamishiwa kiwandani, ndivyo kazi yote iliyosalia kiwanjani inavyokuwa katika bolti, na ndivyo fundi mwenye spana anavyozidi kuwa mlinzi wa mwisho wa jengo.

Wengine wamesonga mbele zaidi. Baada ya tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 lililoua watu 185 katika mji wa Christchurch nchini New Zealand, sehemu kubwa ya majengo mapya ya mji huo ilijengwa kwa chuma. Chuo Kikuu cha Auckland, kupitia kwa mhandisi Charles Clifton, kilikuwa kimebuni kiungo ambacho matundu yake ni marefu badala ya kuwa ya mviringo. Tetemeko kubwa likija, mabamba yaliyobanwa na bolti huteleza kidogo na kula nguvu ya mtetemo, kama breki zinavyokula mwendo wa gari. Katika kiungo kama hicho, kiasi cha kukaza ndicho usanifu wenyewe. Bolti ikilegea, kiungo huteleza mapema mno. Ikikazwa kupita kiasi, hakitelezi kinapotakiwa.

Nchini Chile nako, katika viwanda vingi, zile bolti zinazoishikilia nguzo kwenye msingi huachwa sehemu yake ikiwa wazi juu ya saruji. Nia ni kwamba tetemeko likija, sehemu hiyo irefuke badala ya nguzo kuvunjika au msingi kupasuka, na baadaye mkaguzi aione, aikaze upya au aibadilishe. Tarehe 27 Februari 2010 nchi hiyo ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, na kwa jumla majengo yake ya viwanda ya chuma yalistahimili.

Wapo watakaouliza: haya ya Japani na Chile yatuhusu nini sisi? Jibu limo katika jina la bonde linaloikata nchi yetu kutoka kaskazini hadi kusini. Hatukuliita Bonde la Ufa kwa mzaha. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia na kuipasua ardhi kwa kilomita nyingi. Wakati huo hapakuwa na maghorofa huko, wala mabohari. Leo Nakuru ni jiji. Jirani zetu wa Kagera nchini Tanzania walipatwa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko la 5.9, wakafa watu zaidi ya 15 na maelfu ya nyumba zikaharibika. Serikali yetu yenyewe ililitambua jambo hili zamani, ndiposa mwaka 1973 ukatolewa mwongozo wa ujenzi unaohusu matetemeko ya ardhi. Isitoshe, kiungo kilicholegea hakingojei tetemeko peke yake. Upepo mkali unaoinua paa la bohari huvuta bolti zile zile.

Nakubali kwamba msiba wetu mkubwa hadi sasa umekuwa wa majengo ya saruji yanayoporomoka bila ardhi kutikisika hata kidogo, kama lile la Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Lakini hiyo si sababu ya kuliacha jengo la chuma likue bila kuangaliwa, eti kwa sababu bado halijatuua.

Nirudi sasa kwenye lugha. Katika Kiswahili cha kiwanjani, kitenzi ni kimoja: kukaza. Twakaza kamba, twakaza mwendo, twakaza moyo, na bolti pia twaikaza. Kitenzi hiki hakina kosa. Kosa ni kukitwisha mizigo miwili iliyo tofauti. Mhandisi anapotamka agizo lenye hatua mbili, na msimamizi akalifasiri kwa mdomo kuwa "kazeni vizuri", hatua moja imepotea njiani wala hakuna aliyedanganya. Ndivyo nilivyofanya mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha. Tutamlaumuje msimamizi?

Kadhalika, baadhi ya kamusi zetu hutoa neno parafujo kwa kila kitu chenye uzi wa kuzungushwa, kiwe cha kushikilia bawaba ya kabati au cha kushikilia nguzo ya ghorofa tano. Mafundi wametushinda hapa. Wao wana bolti, nati, washa na skrubu, na hawachanganyi. Mwanaisimu akitaka istilahi ya chuma, na aanzie kwao kabla hajafungua kitabu.

Kuna hoja iliyozeeka kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Lugha iliyopokea parafujo kutoka kwa Mreno na spana kutoka kwa Mwingereza haiwezi kushindwa kutofautisha hatua mbili za kukaza bolti. Mimi ningependekeza tuseme kukutanisha kwa hatua ya kwanza na kuvuta kwa ya pili, kwa kuwa hivyo ndivyo hasa inavyotendeka: mabamba hukutanishwa, kisha bolti huvutwa. Agizo zima litakuwa fupi: "Kutanisha mabamba kwa spana. Chora mstari wa chaki kutoka ncha ya bolti kupitia nati hadi kwenye bamba. Kisha vuta kwa kuzungusha nati nusu mzunguko." Mstari huo wa chaki utamwonyesha mkaguzi, hata kesho yake, nati gani imezungushwa na ipi imesahauliwa. Ikiwa mafundi wana maneno bora kuliko haya yangu, nitayafuata yao.

Simwombi mhandisi afanye hesabu zake kwa Kiswahili, wala simtaki mchoraji abadilishe michoro. Ninaomba mambo matatu. La kwanza, kila shehena ya nguzo na bolti za jengo la aina hii iandamane na karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, ieleze alama za bolti, hatua za kukaza, na jambo la kufanya matundu yasipolingana. Hili la matundu ni zito. Fundi anayeona matundu hayakutani hushawishika kuyapanua kwa moto au kuiacha bolti moja bila kutiwa. Aambiwe waziwazi kwamba ana haki ya kusimamisha kazi na kumwita mhandisi, na kwamba hatapoteza kibarua chake kwa kufanya hivyo.

La pili, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na kupewa jukumu la kuwatambua mafundi stadi, iwafunze na kuwatahini mafundi wa chuma kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo utakuwa na faida gani ikiwa utaishia kwenye hotuba na usifike kwenye spana?

La tatu latuhusu sisi wa vyuo vikuu. Idara za Kiswahili na za uhandisi huwa majirani ndani ya ua mmoja, nazo hazijuani. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya viambishi na ngeli, na ni vyema tuendelee kuziandika. Lakini majuma machache ya kuketi pamoja na wahandisi na mafundi yangetosha kutoa karatasi ile niliyoitaja. Mimi niko tayari kuanza.

Juma lililofuata nilirejea pale kiwanjani nikiwa na maelezo niliyoyaandika kwa ajili ya yule fundi. Nilikuta mabati yamekwisha kupigwa, kuta zimefunikwa, na mafundi wameondoka kwenda kazi nyingine. Nimempelekea mwenye jengo ujumbe, nikimshauri amwite mhandisi akague viungo vya nguzo kabla bohari halijajazwa mali na watu. Kazi hiyo bado yawezekana, na gharama yake ni ndogo. Hajanijibu. Bolti zile zimo ndani ya kuta, na zimekazwa kama nilivyomwambia fundi.